Nyama Isiyo na Msimamo

Kabla sijasema lolote, naomba ieleweke kwamba mimi naipenda serikali. Nimeifanyia kazi miaka thelathini na moja na nimeipenda yote thelathini na moja, hata ule mwaka barua yangu ya kupandishwa cheo ilipopotea ikaja kuonekana sokoni imefungia karanga. Naitwa Mfaume Kitwana, Karani Daraja la Nne. Jina la nchi yetu sitalitaja, kwa sababu limepelekwa matengenezo na bado halijarudi. Ninachotaka ni kueleza ilikuwaje mpaka taifa zima, lenye mawaziri na bendera na meli mbili, likakaa siku tisini linahesabu mitikisiko ya mikono ya akina mama. Najua watu wa nje wanatucheka. Haya, wacheke, lakini wacheke wakijua mambo yalivyokuwa.

Yote yalianza na daraja. Lilizinduliwa Jumatatu kwa ngoma na keki, likaanguka Jumanne, watu wakiwa wanakwenda kulitazama. Kwa bahati maji yalikuwa ya magotini, hakuna aliyeumia zaidi ya kulowa. Ikaundwa tume. Tume ikachunguza miezi minane, ikagundua kwamba daraja halikuwa na kosa lolote. Wananchi ndio walikuwa wazito. Mtukufu Mlezi, maana hicho ndicho cheo cha kiongozi wetu na ukikiandika kwa herufi ndogo unarudia fomu yote, akatangaza kampeni ya Taifa Jepesi. Kila raia apungue.

Hapo ndipo anapoingia mtani wangu, Bi. Siwatu.

Bi. Siwatu anakaanga mihogo kando ya Barabara ya Shangwe, mbele ya hospitali ya wazazi, mahali alipoachiwa na mama yake. Miaka kumi na tisa nimekula pale kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini, na siku nyingine baada ya kufika ofisini. Watu wa kwao bondeni na watu wa kwetu milimani ni watani tangu enzi, kwa hiyo tunaambiana maneno ambayo mtu mwingine akiyasema mnapelekana kwa mjumbe. Mimi nilikuwa namwita Tela la Miwa. Yeye ananiita Kijiti cha Mswaki, na ananiita hivyo hata mbele ya wakubwa zangu.

Sasa huyu mama, tofauti na sisi tuliopanda mizani huku tumeshikilia mlango, alipungua kweli. Aliacha chai ya vijiko vinne vya sukari. Aliacha kuonja kila karai lilipoiva. Akawa anakuja kazini kwa miguu, alfajiri, na mfuko wa mihogo kichwani. Baada ya miezi kumi zilikuwa zimekwenda kilo ishirini na mbili. Mashavu yaliondoka, kitambi kiliondoka, nyonga zikaingia kwenye gauni aliloshonewa kabla hajaolewa. Kilichogoma ni ile nyama ya chini ya mkono, kati ya kwapa na kiwiko, ambayo watu wetu huiita nyama uzembe. Ndiyo kwanza ilizidi kulegea. Akinyoosha mkono kukupa kachumbari, inaning'inia kama khanga iliyosahauliwa kambani.

"Mtani, na hii vipi?" nilimuuliza siku moja.

"Hii imebaki kulinda nyumba," akasema. "Wenzake wakirudi wakute mtu."

Tulicheka sana. Hatukujua kama serikali nayo ilikuwa inaitazama.

*

Kwetu kuna Sheria ya Kupunga. Siku ya Taifa, msafara ukipita Barabara ya Shangwe, gari la kwanza ni la Mtukufu Mlezi, na kila aliyesimama kando anampungia kwa mkono wa kulia. Gari likishapita, mkono unabaki juu umetulia kwa heshima mpaka msafara uishe. Gari la pili ni la Makamu. Kumpungia Makamu hakujakatazwa; ni kwamba hajatokea mtu akajaribu.

Mwaka huo Idara ya Picha ilipiga filamu ya sherehe, ikafika Ikulu baada ya miezi tisa. Mtambo wa kuonyeshea ulikuwa na hitilafu, ukawa unaonyesha kila kitu kwa mwendo wa taratibu mno. Haya ninayoyasema nimeyapata kwa mpika chai wa Ikulu, ambaye hawezi kunidanganya kwa sababu ni shemeji yangu. Anasema Mtukufu Mlezi alikuwa amekaa, anatabasamu, anajiona anavyopita. Mbele kabisa yuko Bi. Siwatu na gauni lake la zamani la mikono mifupi, anapunga. Gari linapita. Mkono wa Bi. Siwatu unatulia pale pale, kama sheria inavyotaka. Lakini nyama ya chini yake haikutulia. Ikaenda kushoto, ikarudi kulia, ikaenda tena kushoto, na wakati huohuo gari la Makamu ndilo linapita.

"Rudisha," alisema Mtukufu Mlezi.

Wakarudisha. Akatazama mara kumi na moja. Halafu akauliza kwa sauti ya chini sana, "Huyu mama anampungia nani?"

Shemeji anasema Makamu naye alikuwa amekaa hapo hapo. Makamu ni mtu mpole, alichaguliwa kwa sababu hakuna anayemkumbuka. Alipiga magoti pale pale. Akaapa kwamba huyo mama hamjui, muhogo wa kukaanga hajawahi kuula, na kwamba hata mkewe humwita "wewe". Haikusaidia. Filamu ikachunguzwa fremu kwa fremu, wakakutwa akina mama mia nne na kumi na wawili, wote wenye meza barabara ile, wengi wao waliopungua kwa kampeni ya serikali yenyewe, ambao mikono yao ilimpungia Mtukufu na nyama zao zikampungia Makamu.

Waziri wa Uzalendo akasimama. Huyu bwana hawezi kuomba chumvi mezani bila kuhutubia.

"Mtukufu Mlezi," alisema, "mimi nawatetea wananchi wako. Mkono umetii! Kiwiko kimetii! Kidole, mpaka kile kidogo cha mwisho, kimetii! Aliyeasi ni mmoja tu, naye ni nyama. Hii ni nyama isiyo na msimamo, na hatuwezi kujenga nchi na nyama isiyojua inampungia nani!"

Walipiga makofi mpaka Makamu naye akapiga, akiwa bado amepiga magoti.

Wiki ile ile ikaundwa Wizara ya Mkono wa Juu. Ilikuwa na Naibu Waziri wa Mkono wa Kulia na Naibu Waziri wa Mkono wa Kushoto. Huyu wa kushoto alilalamika kwamba hana kazi, akapewa gari. Amri ikatoka: kila mwenye meza ya biashara Barabara ya Shangwe awe na Cheti cha Mkono Thabiti. Mkono ukishatulia, nyama isitikisike zaidi ya mara tatu. Wakapewa siku tisini. Atakayeshindwa, meza yake itahamishiwa nyuma ya machinjio, ambako wateja ni kunguru. Wanaume hawakuhusika. Waziri alieleza kwamba nyama ya mwanaume inajua inakokwenda.

Kazi ya kuhesabu nilipewa mimi. Si kwa upendeleo, jamani. Nilikuwa nimehesabu mafeni ya wizara yetu kwa miaka sita na sijawahi kukosea zaidi ya mawili. Nikakabidhiwa filimbi, daftari na kalamu nyekundu. Mtu wa kwanza kwenye orodha alikuwa Bi. Siwatu, kwa kuwa ndiye aliyeonekana wa kwanza kwenye filamu.

"Kijiti," aliniambia nilipofika na filimbi shingoni, "leo umekuwa refa?"

"Bi. Siwatu, hii ni kazi ya serikali. Naomba upunge."

Akapunga. Nikapuliza filimbi, mkono ukatulia, nikaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Nilipofika kumi na nne ikasimama, na mimi jasho linanitoka.

"Ngapi?"

"Kumi na nne."

Hakucheka. Aliitazama meza yake, akalitazama lango la hospitali. Baba za watoto waliozaliwa usiku ndio kwanza walikuwa wanatoka na njaa yao.

"Mfaume," alisema, na hapo nikajua mambo si utani tena, maana jina langu huwa halitumii. "Mama yangu alikuwa hapa. Wanangu wanne wamesoma hapa. Mtu akitafuta nyumbani kwangu anaambiwa nenda hospitali ya wazazi, muulize Siwatu wa mihogo. Mkinipeleka machinjioni nani atanijua?"

Nikaandika kumi na nne.

*

Serikali yetu, nasema tena, si katili. Ilimleta Daktari Bingwa wa Mkono wa Juu, aliyesomea jambo hilo ng'ambo kwa wiki tatu, akahutubia taifa redioni. Siku ya kwanza alisema maneno ambayo ukiniuliza mimi yalikuwa ya maana. Alisema mafuta ya mwili hayatoki sehemu moja kwa kuamrishwa. Yanatoka mwili mzima, kila mwili na utaratibu wake, na mkono kwa wengi hubaki mwisho. Alisema ngozi iliyovutika huchukua muda kurudi, na nyingine hairudi kabisa, hasa kwa mtu aliyepungua kilo nyingi na umri umekwenda. La kufanya ni kuujenga msuli wa nyuma ya mkono, kula mayai, maharage na samaki, na kuwa na subira.

Akaitwa mchana ule ule. Akaulizwa ana maana gani anaposema kuna mafuta yasiyotii amri, na hayo mafuta yako chama gani.

Siku ya pili alirudi redioni na sauti nyembamba, akasema mafuta yote ni tiifu. Akatoa mazoezi matatu: kusukuma ukuta, kujishusha na kujiinua ukiwa umeshika kiti, na kunyanyua chupa mbili za maji zilizojazwa mchanga kwa kuzipitisha nyuma ya kichwa. Mazoezi yenyewe yalikuwa mazuri tu. Tatizo ni sisi, kwetu jambo zuri likiagizwa linafanywa na ofisi.

Wizara ya Mipango iliwaamuru wafanyakazi wote wasukume ukuta wa mashariki saa nne kamili, kwa pamoja, wakiimba. Siku ya kumi na moja ukuta ukaenda chini. Ikaundwa tume. Viti vya ofisi vikahamishiwa vibarazani kwa mazoezi, na mwananchi akija kufuatilia hati yake anaambiwa hakuna pa kukaa, na mwenye kiti yuko chini ya kiti. Mchanga wa ufukweni ukawekewa sharti la kibali maalumu, na kibali hakikutoka, watu wakajaza chupa zao unga. Naibu Waziri wa Mkono wa Kushoto akaonekana gazetini akinyanyua chupa mbili tupu na kutoa jasho jingi.

Bi. Siwatu hakuimba na hakupiga picha. Alfajiri, karai likipata moto, aliusukuma ukuta wa hospitali mara ishirini, akapumzika, mara ishirini tena. Wauguzi wakitoka zamu wanamhesabia. Wateja wakipungua saa tano, anaishika meza yake kwa nyuma, anajishusha, anajiinua, uso umekunjamana. Mchanga aliuomba kwa mafundi waliokuwa wanajenga tena ule ukuta wa Mipango. Kila asubuhi alikula mayai mawili na bakuli la maharage, na mimi nikamtania kwamba sasa meza itahama yenyewe kwa upepo.

"Cheka tu," alisema akihema. "Wewe mkono wako ukipungwa, anayeona ni nani? Hata nzi hashtuki."

Kila Ijumaa nilimpima. Kumi na nne ikawa kumi na moja. Kumi na moja ikawa tisa, halafu saba. Siku ya hamsini ilikuwa tano, nikapuliza filimbi kwa furaha mpaka trafiki akasimamisha magari. Siku ya hamsini na saba, tano. Siku ya sitini na nne, tano. Siku ya sabini na moja nilihesabu mara mbili, nikaomba arudie, nikabadilisha upande wa kusimama. Tano.

Akakaa kwenye ndoo yake, akajifunika uso na khanga, akalia. Alilia kwa sauti, mama mtu mzima, mbele ya wateja.

"Nimeshajaribu," alisema. "Nimeacha sukari, nimeacha wali wa usiku, nimesukuma ukuta mpaka viganja vimekuwa kama vya fundi. Huu mkono umebeba watoto wanne, umekuna nazi, umetwanga, umemzika mama yangu. Leo unatikisika mara mbili zaidi ndiyo nafukuzwa? Mfaume, usinipime tena. Njoo siku yenyewe."

Niliondoka pale nimeificha filimbi mfukoni. Nilijisikia vibaya, na sijui nieleze vipi, maana mtumishi wa umma haruhusiwi kujisikia vibaya bila kujaza fomu.

*

Usiniulize ujasiri niliutoa wapi. Nilirudi ofisini, nikafunga mlango, nikaandika dokezo la ukurasa mmoja. Niliandika hivi: kwa kuwa tatizo ni gari la Makamu kupita wakati nyama bado zinatikisika, je, haiwezekani Makamu akatangulia? Mikono impungie Makamu kidogo, itulie, kisha nyama zimpungie Mtukufu Mlezi anayefuata. Hapo hakuna wa kuhamishwa na hakuna wa kupimwa. Naomba kuwasilisha.

Dokezo likapita ofisi saba. Kila ofisi ikagonga muhuri bila kulisoma, ndiyo maana lilifika. Shemeji anasema Mtukufu Mlezi alilisoma akiwa anakunywa uji, akaweka kijiko chini, akatembea chumba kizima. Macho yalimlowa.

"Mnaona?" alisema. "Mkono unapunga kwa sababu ya sheria. Lakini nyama! Nyama haijaamrishwa na mtu. Nyama inapunga yenyewe, kutoka moyoni. Kumbe miaka yote hiyo mapenzi ya kweli ya wananchi alikuwa anayafaidi huyu!" Akamnyooshea Makamu kidole. Makamu akapiga magoti. Siku hizo alikuwa hangoji kuulizwa.

Mimi nililetewa jibu la mstari mmoja: Dokezo limekubaliwa. Nililibusu. Nilinunua soda mbili, nikanywa zote peke yangu kwa kuwa sikutaka kumwambia Bi. Siwatu mapema, nikamharibia utamu. Nilijua meza imepona.

Siku ya tisini ilikuwa asubuhi ya Siku ya Taifa. Nilikuta barabara imefurika. Akina mama wote mia nne na kumi na wawili wamepanga mstari, na juu ya daftari langu kuna bahasha imefungwa kwa lakiri, imeandikwa: Ifunguliwe mahali pa kazi. Kando yangu alisimama Mkaguzi, kijana wa suti aliyetumwa na wizara kuhakikisha sihesabu kwa huruma.

Nikataka kuifungua. Bi. Siwatu akatoka kwenye mstari, amevaa lile gauni lake la mikono mifupi.

"Pima kwanza, Kijiti. Barua zako baadaye. Sijalala."

Akanyoosha mkono, akapunga. Nikapuliza filimbi.

Mkono ukatulia. Nyama ikaenda upande mmoja, ikarudi, ikasimama. Nilingoja. Nikainama, nikatazama kwa chini. Wallahi ilikuwa imesimama. Chini ya ngozi ile kulikuwa na msuli uliojichora, na ngozi yenyewe imeukumbatia, ina mikunjo yake ya umri lakini haichezi.

"Moja," nilisema. Kisha nikapiga kelele, "Moja!"

Vigelegele vilivyopigwa pale sijavisikia hata kwenye harusi. Wauguzi wakarukaruka. Kumbe zile siku kumi na tisa alizonikataza kupima, alikuwa anasukuma ukuta asubuhi, mchana na jioni, na wao wanamhesabia na hawakuniambia. Bi. Siwatu alicheka na kulia, anaushika mkono wake mwenyewe kama anamshika mtoto wa mtu.

"Barua," alisema Mkaguzi.

Nikafungua. Nikasoma mara moja, nikasoma mara ya pili. Amri mpya ilisema: kuanzia leo Makamu atatangulia. Kwa kuwa nyama itampungia Mtukufu Mlezi, mitikisiko ni kipimo cha mapenzi. Isipungue kumi. Atakayepatikana na mkono mkavu atahesabiwa kuwa amejinyima makusudi ili asimsalimu kiongozi wake, na meza yake itahamishiwa nyuma ya machinjio leo hii. Chini kabisa, kwa herufi za kukolea: Kwa mujibu wa dokezo la Karani M. Kitwana, ambaye anapongezwa.

Mkaguzi akaisoma kwa sauti. Mstarini, wale waliofanya mazoezi walishika vichwa. Wale ambao hawakugusa hata chupa walianza kupongezana.

Nilimsogelea mtani wangu. Nilitamani ardhi inifunike.

"Ni mimi," nilimwambia. "Niliandika ili nikuokoe. Sikujua watageuza. Nisamehe."

"Na pongezi umepewa?"

"Nimepewa."

"Mtume!" alisema, na akaguna guno ambalo sikujua ni la hasira au la kicheko.

Nikageuza mgongo Mkaguzi asinione. "Sikiliza. Ile kumi na nne ya siku ya kwanza ninayo kwenye daftari. Naiandika hapa kama ya leo. Nani atajua? Wewe utikise bega kidogo tu."

"Umesema ngapi ulipohesabu?"

"Moja."

"Basi andika moja."

"Bi. Siwatu, utakwenda machinjioni!"

"Andika moja, Mfaume. Kilo ishirini na mbili niliambiwa nipungue, nikapungua. Nikaambiwa nikaze, nimekaza. Nimelia hapa mbele za watu. Ukiandika kumi na nne, mimi siku tisini nilikuwa nafanya nini? Hii moja ni yangu, wasinichukulie."

Nikaandika moja, kwa kalamu nyekundu, kubwa, mpaka karatasi ikatoboka. Katika miaka thelathini na moja sijawahi kuandika tarakimu iliyonitia uchungu na fahari kwa pamoja namna ile.

Mgambo wanne wakaja kuondoa meza. Ni meza ya mbao ya mninga, miguu minene, imekunywa mafuta ya miaka mingi. Wakaishika pembe nne, wakasema moja, mbili, tatu, ikanyanyuka kidogo ikarudi. Wakapumzika. Wakajaribu tena, mmoja akashika kiuno. Mkubwa wao akasema wangoje lori la manispaa, na lori liko gereji.

"Mtanichelewesha," alisema Bi. Siwatu. "Watu hawajanywa chai."

Akajifunga khanga kiunoni. Akaandaa ngata, akaiweka kichwani. Akaingia chini ya meza, akaishika mbavu zake mbili, akavuta pumzi. Tuliona ile misuli ya nyuma ya mikono ikisimama, yote miwili, na meza ikapanda. Ikapanda kupita vichwa vya wale mgambo, ikakaa kichwani mwake, mikono imeishika huku na huku, na haikutikisika kitu. Akaanza kuvuka barabara, taratibu, kama anakwenda kisimani.

Wakati ule ule king'ora kikalia. Msafara ulikuwa umefika. Gari la Makamu likafunga breki, likamngoja apite, maana Makamu ni mtu anayengoja. Nyuma yake la Mtukufu Mlezi nalo likasimama. Barabara nzima, mikono ikainuka. Wauguzi, baba za watoto, mafundi, akina mama waliofaulu na waliofeli, wote walimpungia yule mama na meza yake, wakapunga mpaka mabega yakauma. Shemeji ananiambia Mtukufu Mlezi alirudi Ikulu amejawa na furaha, akasema tangu ashike nchi hajawahi kupungiwa vile.

Wateja walimfuata. Waliinua ndoo, mabakuli, mfuko wa mihogo, wakaenda naye upande wa machinjio, mstari mrefu. Akina mama waliofeli nao wakaanza kuzifunga meza zao kwa kamba.

Mkaguzi akanipa fomu ya uhamisho niimalizie. Kuna jina la mwenye meza, kuna sababu, na mwisho kuna nafasi ya nukta nukta: Meza imehamishwa na nani. Alisema niandike manispaa. Nikaandika: Mwenyewe. Nikaweka sahihi, nikamrudishia na filimbi yake.

Karai lilikuwa limebaki mekoni, mafuta yamepoa. Ng'ambo ya barabara nilimsikia akiniita, "Kijiti, unangoja dokezo?" Nikainama, nikalishika masikio mawili, nikanyanyua. Halikunyanyuka. Nikakunja mikono ya shati, nikajaribu tena, kisha nikawaita wauguzi wawili waje tusaidiane.